Normal Tano na Neno Moja Refu

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya mvua na mbegu. Naandika siku tuliyopanda, siku ng'ombe aliyozaa, na nani alikuja kunisaidia kupalilia ili nisisahau kumrudishia siku yake. Mambo ya kuumiza roho siandiki, maana nikiyasoma baadaye naona kama niliyatia chumvi. Lakini kurasa za wiki ile nilizijaza mpaka pembeni, na leo nimezisoma tena, nikaona niziandike upya kwa utaratibu, bila kumwonea mtu yeyote aliyekuwemo. Nikikosea mahali, nimeishia darasa la saba, na Kiingereza changu ni kile cha kusoma mifuko ya mbolea.

Baba watoto alikuwa anaumwa tumbo. Ilianza wakati wa kung'oa vitunguu swaumu. Nilimwona anachuchumaa katikati ya tuta, mkono ameubana chini ya chembe cha moyo, halafu anainuka anaendelea kung'oa kama vile alikuwa amefunga kamba ya kiatu. Nikimuuliza anasema ni gesi. Gesi ikakaa miezi miwili. Si mtu wa kulalamika. Nisiseme halalamiki kabisa, mafua huyalalamikia sana, lakini maumivu ya kweli huyanyamazia. Siku aliyoacha chai yake mezani na muhogo wake umekaa vilevile, nilisema hapa kijijini Nambis imetosha, twende mjini.

Hospitali daktari alimbonyeza tumbo, akauliza maswali, akatuandikia ultrasaundi. Daktari ni kijana mpole. Kwenye chumba cha picha tulimkuta dada mmoja wa makamo, akampaka baba watoto ile dawa ya kuteleza.

"Mbona baridi hivi? Unanipaka barafu?"

"Vumilia, baba. Vuta pumzi. Shikilia. Achia."

"Nikisahau kuachia?"

"Nitakukumbusha."

Alivuta na kuachia mara nyingi. Dada anaangalia kioo chake, anabonyeza, anapima, anaandika. Mwisho akachapisha karatasi moja, akaiweka kwenye bahasha ya kaki. Nikamuuliza kama kuna tatizo. Akasema, "Majibu atawapa daktari, mama. Mimi siruhusiwi." Tukarudi kwa daktari, tukaambiwa ameshaondoka na gari kwenda kliniki ya Yaeda Chini, na njia ya kule tunaijua, hatarudi mpaka Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu. Mtu wa mapokezi akasema njooni Alhamisi na bahasha yenu, atawasomea.

Nilikumbuka kwamba yule dada hakunitazama usoni aliponijibu. Hilo nililiandika siku ileile kama ushahidi. Sasa nakumbuka pia kwamba alikuwa anamwita mgonjwa mwingine, mlangoni kuna foleni, na mtu hawezi kutazama pande mbili. Lakini siku ile hilo la pili sikuliandika.

Tulipofika nyumbani baba watoto alikwenda kuangalia ng'ombe, mimi nikafungua bahasha. Nieleze kwamba haikuwa imebandikwa gundi. Hata hivyo sijui kama nilifanya vizuri. Karatasi ilikuwa na jina lake, umri wake, na chini yake mistari. Kila mstari unaanza na kiungo cha mwili, halafu vipimo vya namba namba, halafu neno. Ini, normal. Nyongo, normal. Wengu, normal. Figo ya kulia, normal. Figo ya kushoto, normal. Viungo hivyo nilivitafuta kimoja kimoja kwenye kamusi ndogo ya binti yetu, aliyoiacha alipokwenda bweni Katesh. Normal sikuhitaji kuitafuta. Normal inajulikana na kila mtu. Ukipima presha nesi anasema iko normal, unavaa kandambili zako unaondoka.

Mstari wa sita ulisema pancreas. Kamusi ikasema kongosho. Kongosho nilikuwa nimeisikia redioni tu, na niliyoyasikia hayakuwa mazuri. Mstari huo haukuwa na namba hata moja. Na mwisho wake hapakuwa na normal. Palikuwa na neno refu: unremarkable.

Nilizihesabu herufi. Normal ina sita. Hili lina kumi na mbili, mara mbili kamili.

Nilikaa nalo pale kwenye kigoda, magunzi ya mahindi yananizunguka. Swali langu lilikuwa dogo. Kama ni kitu kilekile, kwa nini asitumie neno lilelile? Mwalimu akisimama mbele ya wazazi akasoma majina sita, akasema huyu amefaulu, huyu amefaulu, huyu amefaulu, mpaka wa tano, halafu kwa wa sita akatafuta neno jingine, yuko mzazi ambaye hataelewa? Mama wa yule wa sita ataanza kujifuta macho kabla neno halijaisha.

Kamusi ni ndogo, ya shule, neno lote halikuwemo. Ilikuwemo remark peke yake: sema, toa maoni. Basi nikafanya kama tulivyofundishwa. Mwalimu wetu wa Kiingereza, wa darasa la sita, alituambia neno refu ni kama mbuzi, ukitaka kulibeba likate viungo. Mbele kuna un, hiyo ni kukataa, isiyo. Katikati remark, kusema. Nyuma able, kuwezekana, ile yetu ya kulika na kunyweka. Nikaviunganisha upya kwa Kiswahili, nikaandika kwa kalamu ya bluu:

Isiyosemeka.

Nilipolitazama lilikuwa kama limeandikwa na mkono wa mtu mwingine. Maana isiyosemeka naielewa vizuri. Matusi yasiyosemeka. Mateso yasiyosemeka. Sijawahi kusikia furaha isiyosemeka, labda kanisani. Na kwetu huku, ugonjwa ukiwa mkubwa haupewi jina. Watu wanasema amepata ule. Ukiuliza ule upi, wanakuangalia wewe kama mgeni. Nikafikiri, kumbe na wataalamu nao wana adabu hiyo. Amefika kwenye kongosho, ameona aliyoyaona, akaandika kwamba haya hayasemeki, atayasema mkubwa.

Nilijaribu kutenda haki. Nilichora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nikaandika yanayoonyesha kuwa ni baya: neno limebadilika, namba hazipo, dada hakunitazama, tumbo linauma pale pale juu. Upande wa pili nikaandika yanayoonyesha kuwa si baya: hakuna aliyetukimbiza chumba kingine, hakuna aliyesema tulale hospitali, na mimi sijui Kiingereza. Hilo la mwisho nililipigia mstari chini. Lakini unaweza kulipigia neno mstari na bado lisikusaidie.

Baba watoto aliingia, mikono ina harufu ya maziwa.

"Karatasi inasemaje?"

"Kiingereza."

"Si unakijua wewe?"

"Cha mbolea."

"Basi kama haijataja DAP niko salama," akasema, akacheka, halafu akashika pale chini ya chembe na kukaa.

Nilirudisha karatasi kwenye bahasha, bahasha nikaichomeka kwenye fungu la vitunguu swaumu vilivyoning'inia ukutani, mahali ambapo nisingeisahau. Kama kwamba ningeweza.

Jumanne nilichinja kuku. Nilijiambia ni kwa ajili ya mchuzi, mchuzi ni mzuri kwa tumbo. Baba watoto alisimama mlangoni akaangalia manyoya.

"Nani amekuja?"

"Hakuna."

"Kuku wa nini Jumanne?"

"Amezeeka. Ameacha kutaga."

"Jana kataga. Yai nimelitoa mwenyewe."

"Basi lilikuwa la mwisho."

Alikula, akasifu, na kila nilipomwongezea alinitazama. Halafu nilikwenda kuchanja kuni kabla hajashika shoka. Nikabeba ndoo ya ng'ombe. Nikamwambia kiti kile cha mgongo akalie yeye, mimi kigoda kinanitosha. Nafikiri nilikuwa mke mwema sana siku hiyo. Nafikiri pia ndilo lilikuwa kosa langu kubwa kuliko la kamusi, ila hilo sikulijua bado.

Mchana nilikwenda senta. Pale kuna mzee mwenye duka la madaftari na chumvi na mafuta, familia yao walitoka Kondoa kabla mimi sijazaliwa. Amesoma mpaka kidato cha nne. Nilikuwa nimelinakili lile neno kwenye kipande cha karatasi, karatasi yenyewe nimeiacha nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea. Mzee, nisaidie hili. Ni la shule, la binti."

Huo ni uongo, nauandika kama ulivyo. Alivaa miwani, akalisoma kwa sauti, akalisoma tena. Hakujifanya anajua. Akageuka kwenye rafu, akatoa kitabu cha zile fomu za ripoti za sekondari anazouzia walimu, akafungua na kuweka kidole.

"Remarks, si ndiyo hii? Safu ya mwisho. Maoni ya mwalimu. Hisabati, alama, daraja, maoni. Sasa hili lako ni mtu ambaye hawezi kuandikiwa maoni."

"Sasa huyo ni mwanafunzi mzuri au mbaya?"

Alifikiri. "Inategemea mwalimu. Kuna anayeacha pale wazi kwa sababu mtoto hana kasoro. Na kuna anayeacha wazi kwa sababu ameshamkatia tamaa."

Hilo lilikuwa jibu la haki kabisa, na halikunifaa hata kidogo. Akaona. Akasema tusibahatishe, tuulize simu. Akaliandika kwenye simu yake kwa kidole kimoja, herufi moja moja, mimi namsomea kutoka kwenye kipande changu. Simu ikazunguka, ikazunguka, ikatoa neno moja la Kiswahili. Akanigeuzia kioo nisome mwenyewe.

Isiyovutia.

"Haya, umepata," akasema kwa furaha.

Nilishukuru. Lakini mtu akitoka kumwona mgonjwa akasema hali yake haivutii, anamaanisha nini? Anamaanisha andaeni watu. Simu ilikuwa imechukua neno langu baya na kunirudishia lingine baya, lililovaa vizuri zaidi.

Mzee alifunga chumvi yangu taratibu kuliko inavyofungwa chumvi. "Mama, hili ni la shule kweli?"

"La shule."

"Haya. Mwambie baba Mungu atampa nafuu."

Njiani, ile safu ya maoni ilinirudisha mbali. Ripoti yangu ya darasa la saba ninayo mpaka leo, iko chini ya sanduku la bati pamoja na cheti cha ubatizo. Mwalimu mkuu aliandika pale kwenye maoni maneno mawili: Wa kawaida. Baba yangu aliisoma, akaikunja, akasema basi, jembe lipo. Hakusema kwa ubaya. Na mwalimu naye simlaumu, tulikuwa wengi mpaka wengine tunakaa dirishani, na huenda kweli hakunikumbuka sura. Lakini kwa miaka niliumia kwamba miaka saba yangu yote ilitosha kwenye maneno mawili. Wenzangu waliandikiwa ana bidii, mtundu, msikivu, mwizi wa chaki. Hata yule wa chaki nilimwonea wivu. Nilitaka mtu aniandikie neno la peke yangu. Na sasa nilikuwa natembea na chumvi mkononi, namwomba Mungu amwandikie mume wangu lile lile nililolikataa.

Jumatano baada ya chai baba watoto aliniambia, "Vaa viatu, twende chini."

"Chini wapi?"

"Shamba la chini. Nikuonyeshe kitu."

Ukungu ulikuwa haujainuka. Alitembea mbele, pole pole, mkono mmoja pale pale. Tulifika mwisho wa shamba, pale linapopakana na la kaka yake, akasimama kwenye minyaa.

"Unauona mnyaa huu? Huu wa kwanza, wenye kovu. Huu niliupanda na marehemu baba. Hapa ndiyo mwisho wetu. Ndugu yangu akija kusema mpaka ni ule wa pili, mwambie hapana, ni huu."

"Kaka yako ana ubaya gani?"

"Hana. Anasahau tu. Na wewe usimpunje, ule mchongoma ni wake, na kivuli chake chote ni chake."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Nimekumbuka."

Alikuwa ameshika tawi la mnyaa, na mnyaa haushikwi, utomvu wake unaunguza. Nikamwambia aachie. Akaachia. Tukasimama pale. Mimi nina neno langu la herufi kumi na mbili, yeye ana lake sijui lina ngapi, na hakuna aliyelisema. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo, nikasema, "Mahindi ya huku yamepata rutuba." Akasema, "Yamepata." Tukapanda mlima kurudi.

Alhamisi tulikuwa wa kwanza mlangoni. Daktari alikuwa amerudi, viatu bado vina vumbi la Yaeda. Alichukua bahasha, akaivuta karatasi, akainusa.

"Hii imekaa wapi?"

"Kwenye vitunguu swaumu," nikasema.

Akasoma. Macho yake yakashuka mstari kwa mstari, sikuyaacha. Yalifika wa sita, yakapita. Hayakusimama hata kidogo. Akasema, "Sawa. Picha ni safi." Akachukua kalamu.

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini nilifikiri, labda naye hakuona vizuri, labda amechoka na safari. Nikasema, "Daktari, samahani. Mstari wa sita."

Baba watoto akageuka kunitazama.

"Mstari wa sita una nini, mama?"

"Hapo hakuandika normal. Kote ameandika normal, hapo akabadilisha. Nimelitafuta. Linasema isiyosemeka. Na simu imesema haivutii."

"Isiyo-nini?"

"Isiyosemeka. Un ni isiyo, remark ni kusema, able..." Sauti ikaniisha kwenye able.

Daktari hakucheka mara moja, na namshukuru kwa hilo. Aliweka kalamu chini, akaangalia neno kwa muda kana kwamba halijui. Halafu akanyanyuka, akafungua mlango akaita, na yule dada wa picha akaja, glovu mkononi.

"Dada, njoo ujibu kesi. Kwa nini hapa juu umeandika normal mara tano, halafu hapa ukaandika unremarkable?"

Dada akaangalia. "Si ni kitu kimoja, daktari?"

"Mwambie mama."

Akanigeukia, na safari hii alinitazama usoni kabisa. Akaeleza, na nilimwomba aseme pole pole niyashike. Ini na figo na wengu na nyongo, alisema, hizo huwa anazipima kwa sentimita, na zikiwa ndani ya kipimo anaandika normal. Kongosho siku ile hakuipima, aliiangalia kwa macho tu, akaizunguka yote, asione uvimbe wala kitu chochote cha kumwambia daktari. Akaandika hivyo. Nimeangalia, hakuna la kusema.

"Hakuna la kusema," nikarudia. "Si kwamba halisemeki."

"Hapana, mama. Halipo."

"Na ukiandika kwa Kiswahili, ungeandikaje?"

Akafikiri. "Ningeandika kawaida."

"Na normal?"

"Kawaida."

"Zote kawaida?"

"Zote, mama. Na tuseme ukweli," akamtazama daktari, "nilikuwa pia nimechoka kurudia. Chuoni walikuwa wanatuambia ripoti isiwe kama ya kasuku."

Mimi nilikuwa nimeushika mstari wa tano na wa sita kwa macho, naye baba watoto ameshika magoti yake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Kwa hiyo kuku nimemla bure?"

Hapo daktari alicheka mpaka akavua miwani. Dada wa picha alicheka bila kujua kuku gani. Mimi nililia, nakiri, lakini kidogo, na kwa khanga.

Daktari alianza upya maswali yake. Safari hii aliuliza dawa. Baba watoto akasema hanywi dawa. Nikasema, "Na zile za mgongo?" Akasema, "Zile si dawa, zile ni vidonge." Ikajulikana kwamba tangu kung'oa vitunguu swaumu alikuwa anameza vidonge vya maumivu kila alfajiri, kabla ya kula chochote, ili mgongo uiname. Vidonge nilimnunulia mimi senta. Daktari akasema hapo ndipo tumbo lilipochomeka, akaandika dawa nyingine, akamkataza zile, akasema arudi baada ya wiki mbili aone. Nikamwambia daktari basi nusu ya kosa ni langu. Akasema, "Mama, ulimwambia ameze bila kula?" Nikasema hapana. "Basi si nusu." Nimelifikiria hilo mara nyingi. Nadhani ni robo.

Tulirudi kwa miguu ingawa bodaboda zilikuwepo. Baada ya kona ya kwanza baba watoto akasema:

"Wewe na kuku wako mlitaka kuniua."

"Kuku amefanya nini?"

"Nimekaa na wewe miaka yote hii. Hujawahi kuchinja anayetaga. Nikaona kuku, nikaona kuni, nikaona unanipa kiti cha mgongo. Nikasema huyu amesoma kitu. Mimi sikuhitaji karatasi. Karatasi yangu ilikuwa wewe."

"Ndiyo maana ukanipeleka kwenye mnyaa?"

"Sasa ningefanyaje? Niache mchongoma wa kaka yangu uliwe na wewe?"

Tulicheka pale njiani mpaka akakaa kwenye ukingo, na akashika tumbo, na nikaogopa, akasema, "Hapana, hapa ni kicheko." Kisha akaniuliza, sasa kwa uzito kidogo, "Mnyaa ni upi?"

"Wa kwanza. Wenye kovu."

"Vizuri. Hilo libaki hata kama nimepona."

Nyumbani nilifungua sanduku la bati, nikatoa ripoti yangu. Karatasi imekuwa ya manjano, mkunjo wa baba yangu bado uko pale pale. Wa kawaida. Nilijaribu kuisoma kama yule dada angeisoma: nimeangalia, hakuna uvimbe, hakuna la kumwambia mkubwa. Sijui kama mwalimu aliangalia kweli. Huenda aliangalia. Nikaiweka pamoja na karatasi ya hospitali, zikae kwenye bahasha moja, na harufu ya vitunguu swaumu zigawane.

Katika daftari nililifuta isiyosemeka kwa mstari mmoja tu, ili lisomeke bado, maana si haki kuficha kosa. Pembeni niliandika alichosema dada: kwamba normal ni ya aliyepima, na hili refu ni la aliyeangalia akaridhika. Kama nimekosea tena, atakayesoma anisahihishe.

Wiki mbili zilipita, tulirudi, daktari akamwachia. Maumivu yameisha. Kinachobaki ni neno. Baba watoto alinitaka nimfundishe kulitamka, na amelishika kwa namna yake. Kaka yake akimpigia hodi na kumuuliza habari za asubuhi, anajibu kwa sauti ya daktari. Mzee wa senta alipomuuliza hali alijibiwa hivyohivyo, akanitazama mimi, akacheka, hakusema kitu juu ya shule.

Leo: mvua kidogo asubuhi, jua mchana. Ng'ombe hajazaa. Jirani amekuja kupalilia, nina siku yake moja. Baba watoto amekunywa chai yote na muhogo wake wote. Nimemuuliza tumbo linaendeleaje, akasema anrimakabo.